Ubao wa Taa Kumi na Nane

Wiki iliyopita, Kariakoo, kijana wa dukani aliniuzia pawasaplai ya kompyuta ya wati 1,000. Nilipomwuliza kama imejaribiwa, aligeuza boksi akanionyesha alama ya dhahabu ya 80 Plus. "Si imeandikwa hapo, bosi." Nikalipa. Nje, nikamkumbuka Mzee.

Mzee alikuwa na kibanda kisichozidi upana wa kitanda, nyuma ya maduka hayo hayo. Maandishi hakuyasoma. Aliinyanyua pawasaplai kwa kiganja, akaibembeza kama mama anayechagua nanasi, kisha akashika bisibisi. Uzito peke yake hakuuamini: siku moja tulifungua moja tukakuta bonge la chuma limebandikwa kwa gundi, halikuunganishwa na waya wowote. Ndani alitafuta kapasita. Akiona za nyuzi 85 badala ya 105, aliguna tu.

Halafu ubao. Mninga, taa za gari 18 za wati 55, kila moja na swichi yake: jumla wati 990. Hakuziwasha kwa pamoja, maana uzi wa taa ukiwa baridi huvuta umeme mara kadhaa zaidi kuliko ukishashika moto, na hata pawasaplai nzima ingejizima kwa kujihami. Alianza na moja. Akatazama mita. Ya pili. Akatazama tena. Zikifika kumi kibanda kilikuwa tanuri, naye amevua kofia, jasho linadondokea mezani, jicho haliondoki kwenye ile volti 12. Zote zikishawaka alikaa nazo nusu saa. Mita ikishuka chini ya 11.4, hakuna mjadala.

Yangu ya kwanza ilijinadi kwa wati 850. Taa ya nane ilipowaka, zote zikafifia zikawa rangi ya embe bivu. Mita ikasoma 11.1, na harufu ya dagaa walioungua ikajaa kibandani. Mzee akachomoa waya taratibu. "Mrudishie mwenyewe, mwanangu. Akazuilie mlango."

Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilitosheka na wati 63.5, sawa na taa moja na ushee ya ubao ule. Leo kadi kubwa ya michoro peke yake huweza kula taa saba, nane, na sisi ndio tumeacha kupima. Ile dhahabu inaeleza umeme unaopotea njiani kuwa joto, tena kwa sampuli alizopeleka mtengenezaji, maabara ikiwa kwenye nyuzi 23 hivi. Nyuzi 23! Dar, Februari, ndani ya kasha lililojaa vumbi?

Nilipita kibandani. Siku hizi zinauzwa kava za simu. Kijana aliyekuwapo aliutoa ubao chini ya meza. Taa zimechukuliwa moja moja na mafundi wa magari, yamebaki matundu kumi na nane. Nikabonyeza swichi ya kwanza, ikalia ta. Ya pili pia.

Pawasaplai yangu bado iko ndani ya boksi.