Tshibinda Ilunga hakushika nyama mkononi
Neno juu ya sanamu ya mwindaji, na juu ya kazi ya kulichungua pori



Kila mara tunapoandika juu ya mila za Wasanga, Waluba, Walunda na Watshokwe, jina la Tshibinda Ilunga halikosi. Na kila mara habari ni ileile: mtoto wa kifalme wa Waluba, fundi wa uwindaji, alitembea mpaka mto Kalanyi, akamkuta Lueji binti Konde, akamwoa. Lueji akamwachia lukano, ile bangili ya ufalme. Wandugu zake Lueji, Chinguli na Chinyama, wakakasirika, wakaondoka na watu wao kwenda magharibi. Toka hapo tunafika kwa ukoo wa Mwant Yav huko Musumba, na kwa Watshokwe ng'ambo ya pili.

Habari ni nzuri. Lakini tukiisha kuisimulia tunafunga kitabu, na neno moja linabaki bila kuguswa. Huyu mtu alikuwa mwindaji. Je, kazi yake ilikuwa nini hasa? Ukiuliza vijana wa Tenke leo, watakujibu upesi: «Si alikuwa anauaka nyama!» Sisi tunaona jibu hilo ni dogo. Na shahidi wetu ni mti uliochongwa.

Sanamu yenyewe

Katika karne ya 19, mafundi wa Kitshokwe, katika nchi ambayo leo ni Angola, walichonga sanamu za Tshibinda Ilunga ambazo ulimwengu wote unazisifu. Marie-Louise Bastin, mtaalamu wa sanaa ya Watshokwe, aliziandikia kitabu kizima mwaka 1978. Zinazojulikana zaidi ziko mbali na sisi: Berlin katika Ujerumani, Porto katika Ureno, na Fort Worth katika Marekani, kwenye jumba la Kimbell. Hii ya Kimbell si kubwa, ni kama sentimeta 40 tu. Lakini mtu akitazama picha yake anafikiri ni mtu mrefu.

Tuitazame polepole. Kichwani amevaa kilemba cha kifalme chenye pande zilizokunjwa. Ndevu zake ni nywele za kweli. Mabega ni mapana, magoti yamepinda kidogo, sawa mtu ambaye yuko tayari kuanza mwendo. Mikono ni mikubwa kupita kiasi. Miguu ni mikubwa zaidi. Pua imefunguka. Mkono mmoja umeshika fimbo ya safari, mwingine umeshika pembe ya mnyama, na pembe hiyo ni chombo cha dawa.

Sasa tuulize: nyama iko wapi? Haiko. Hakuna swala begani, hakuna damu, hakuna mnyama chini ya mguu. Katika nchi nyingi mfalme akitaka picha ya uwindaji anataka simba aliyekufa mbele yake. Mtshokwe huyu hakufanya hivyo. Ametuonyesha mtu kabla ya mshale, kabla ya risasi. Ametuonyesha viungo vya kutafuta: miguu ya kutembea, pua ya kunusa, mkono wa kugusa, fimbo ya kupima njia. Kwa maoni yetu, hii ni sanamu ya mtu anayelichungua pori. Kuua kutakuja nyuma, au hakutakuja.

Kuchungua pori ni nini

Wengine watasema tunaongeza maneno kwenye mti. Basi tuangalie kazi yenyewe, vile inavyofanyika katika miombo ya kwetu.

Mwindaji wa kweli haanzi siku ya kuwinda. Anaanza mbele. Majira ya ukavu, kutoka mwezi wa tano, majani yanakauka na moto unapita. Nyuma ya moto majani mabichi yanachipuka, na swala wanakuja kuyala. Kwa hiyo mwindaji anajua fasi gani iliungua na siku ngapi zimepita. Mvua za kwanza zikikaribia, anajua masuku yanaangukia wapi, kwa maana kabuluku naye anayapenda. Anajua udongo wenye chumvi ambao wanyama wanaulamba. Asubuhi anasoma nyayo: kama umande umefuta ukingo wa alama, mnyama alipita usiku, kama ukingo ungali mkali, alipita sasa hivi. Anashika kinyesi aone kama ni kibichi. Anamwaga vumbi au majivu aone upepo unaelekea wapi, kwa sababu swala ataamini pua yake kuliko macho yake.

Halafu anachagua maficho. Huku kwetu vichuguu ni vikubwa sawa nyumba, na kichuguu kimoja kilichosimama upande mzuri wa upepo ni bora kuliko kibanda cha majani. Anakaa pale bila kupiga. Siku ya kwanza anatazama tu. Siku ya pili vilevile. Anahesabu: dume ni nani, jike mwenye mimba ni nani, mtoto yuko na mama yake au hapana. Siku ya tatu ndipo anakuja na silaha, naye anajua mnyama gani amemtafuta na gani atamwacha.

Rudi sasa kwenye sanamu. Pua, miguu, mikono, fimbo. Fundi hakukosea kipimo cha mwili, alipima kazi. Viungo vinavyofanya kazi nyingi akavipa mti mwingi.

Je, si mfalme tu?

Kuna usomaji mwingine, nao una nguvu. Unasema: hii ni sanamu ya ufalme, mikono mikubwa ni mamlaka, kilemba ni enzi, uwindaji ni pambo. Hatukatai kilemba. Lakini tukumbuke nani alichonga. Kwa masimulizi yao wenyewe, Watshokwe ni watoto wa wale walioondoka kwa hasira, walioona mgeni hafai kushika lukano. Na katika miaka ya 1880 majeshi ya Watshokwe yaliiteka Musumba yenyewe. Watu hawa hawakuwa na deni la kumsifu mtawala wa Walunda. Kumbe walimsifu sana kuliko wote! Juu ya nini? Juu ya ufundi wake wa pori. Hata jina lake linasema hivyo: kwao chibinda ni mwindaji. Ufalme walimnyima, ujuzi hawakuweza kumnyima.

Mahali sanamu inapokosea

Lakini mhakiki asisifu tu. Sanamu hii ina kosa mbili, na tuzitaje wazi.

Ya kwanza: inamwonyesha mtu peke yake. Uwindaji wa kwetu haukuwa wa mtu peke yake. Kulikuwa mbwa, nyavu, vijana wa kufukuza, kisha nyumbani wenye haki ya mguu, ya kifua, ya maini. Victor Turner, aliyekaa na Wandembu wa Mwinilunga, Zambia, kuanzia mwaka 1950 hadi 1954, anatusaidia hapa. Wandembu ni ndugu wa Walunda, nao wanasema walitoka kwa Mwant Yav. Walikuwa na wubinda, uwindaji wa upinde na mitego, na wuyang'a, uwindaji wa bunduki, na kila mmoja na matambiko yake. Mizimu ya wawindaji wa zamani ikisahauliwa, au nyama ikigawiwa vibaya, inaweza kukasirika, na mwindaji anarudi mikono mitupu. Mmoja wa mizimu hiyo, Mukaala, anapiga mluzi porini na wanyama wanakimbia. Maana yake ni nini? Kwamba kujua nyayo hakutoshi. Pori linaweza kumficha nyama mtu asiyegawa. Jambo hilo sanamu haituonyeshi. Na Lueji, aliyetoa lukano, haonekani hata kidogo.

Ya pili ni nzito zaidi. Katika baadhi ya sanamu hizi Tshibinda Ilunga ameshika bunduki ya baruti. Wakati wa Lueji hakukuwa bunduki huku. Fundi amemvalisha babu silaha ya siku zake. Na siku hizo zilikuwa za pembe za ndovu. Wawindaji wa Kitshokwe walisambaa na bunduki zao mbali sana, wakiwafuata tembo, na tembo wakapungua. Upande wetu vilevile: jina la Wayeke wa M'Siri, waliokuja kutoka Unyamwezi na kuleta Kiswahili katika nchi hii, linatoka kwa chama cha wawindaji wa tembo. Basi sanamu inasifu pua na miguu wakati uleule bunduki ilikuwa inaanza kufanya pua na miguu visihitajike. Labda ndiyo sababu inatugusa. Inashika kitu ambacho kilikuwa kinaondoka.

Jicho la mashine

Leo bunduki imepata mwenzake: kamera inayofungwa kwenye mti na kupiga picha yenyewe mnyama akipita. Katika Marekani, kabla ya majira ya kuwinda kulungu, watu wengi wanafunga kamera hizo njiani mwa wanyama, halafu wanakaa ndani ya kibanda cha kitambaa kinachoficha mwili na harufu. Wengine wanapata picha kwenye simu wakiwa kitandani.

Mwanzo wake ulikuwa mzuri. George Shiras, mwindaji wa Michigan, aliacha bunduki akachukua kamera. Alitega uzi njiani. Mnyama aliugusa, taa ikalipuka, picha ikatoka. Mwaka 1906 gazeti la National Geographic lilitoa picha zake 74. Tuziweke karibu na sanamu yetu. Katika picha ya Shiras, kulungu anaonekana, mwindaji haonekani. Katika mti wa Mtshokwe, mwindaji anaonekana, mnyama haonekani. Mashine inajibu swali: «Nyama iko wapi?» Sanamu inauliza swali lingine: «Wewe unayemtafuta, ni mtu wa namna gani?»

Msifikiri ni sisi tu wa huku tunaosumbuka na swali hilo. Jimbo la Arizona, watu wenye bunduki nyingi, lilikataza kamera hizo kwa uwindaji kuanzia tarehe 1 Januari 2022. Kule nchi ni kavu, wanyama wote wanakuja kwenye visima vichache, na kisima chenye kamera nyingi kinaacha mnyama bila nafasi. Hata wao waliona kuna kiasi.

Lakini hatutaki kutukana mashine. Kaskazini yetu, katika hifadhi ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, kuna swala wa mabwawani ambaye wataalamu walimpa jina la pekee mwaka 2005 tu. Mwaka 2025 ilitolewa picha ya kwanza ya mnyama huyo akiwa hai, iliyopigwa kutoka ndege, na makadirio ni kwamba wamebaki chini ya 100. Jicho hilo la mashine halikutafuta nyama. Lilihesabu ili wengine waache. Hiyo ni kazi ileile ya siku ya kwanza na ya pili nyuma ya kichuguu. Shida si jicho. Shida ni mtu anayeruka moja kwa moja mpaka siku ya tatu.

Na sisi wa Tenke?

Tenke ni njia panda ya reli. Njia moja inapanda Bukama na Kamina, kwa Waluba alikotoka Tshibinda. Nyingine inakwenda Kolwezi na Dilolo, kuelekea Angola alikochongwa. Tumekaa katikati ya safari yake, na hatujui tena kutembea sawa yeye. Vilima visivyo na miti, ambavyo wazee waliosafisha shaba walivitambua kwa majani na maua yake, sasa vinachimbwa. Pori limekatwa kwa makaa, vipande vingine viko nyuma ya senyenge. Kijana anayetaka nyama anafunga waya kumi, na waya hauulizi kama ni jike lenye mimba. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 ipo na inadai kibali, lakini waya hausomi sheria.

Kwa hiyo hatuandiki ili watu warudi kuwinda. Nyama hawatoshi tena, tuseme ukweli. Tunaandika kwa sababu pamoja na nyama yanaondoka majina: majina ya nyayo, ya pepo, ya majani yanayolika, ya saa za alfajiri. Muzee mmoja akifa anakwenda na majina hayo, na hakuna jumba la Berlin lililoyahifadhi. Sanamu wameichukua, maana ya miguu yake mikubwa ilibaki kwetu, na sisi njo tunaiacha ipotee.

Tunaomba hivi. Walimu na wazazi, mkisimulia tena habari ya Lueji, msianze na ndoa. Anzeni na safari: alitembea siku ngapi, alijuaje maji, alisoma nini chini. Na ninyi vijana mwenye simu yenye kamera, nendeni kwa wazee wawindaji waliobaki, mpige picha ya kila nyayo wanayoionyesha, na muandike jina lake kwa Kisanga, kwa Kiluba, kwa Uruund, kwa Kitshokwe. Hapo jicho la mashine litakuwa limefanya kazi ya chibinda.