Fungate Isiyokatiwa Tiketi

Katika miezi michache iliyopita nimesoma miswada minne ya hadithi fupi za wenzetu, na yote minne ina maharusi ndani ya treni ya Kigoma. Nani alianza, sijui. Labda mmoja alisoma kazi yake mbele ya wenzake, akapigiwa makofi, basi na wengine wakadandia. Majina sitataja. Hii si kesi ya mtu, na isitoshe mswada mmoja kati ya hiyo minne ni wangu. Nitaanza kuuchapa huo huo wangu, mtu asije akasema najikweza.

Katika hadithi yangu, bwana na bibi harusi wanapanda behewa la kulala, daraja la pili, pale Dar es Salaam. Wanafunga mlango, wanazima taa. Nje mvua, ndani mahaba, na aya tatu nzima ni za marashi, mashuka na mlio wa magurudumu. Nikaona nimeandika kitu bomba ile mbaya. Nikampa mchumba wangu asome. Alisoma mpaka mwisho, akanirudishia karatasi zangu, akauliza swali moja tu: "Na wale wengine wanne wako wapi?"

Wewe uliyewahi kusafiri kwa reli ya kati umeshacheka. Kwa asiyejua, chumba cha kulala cha daraja la pili katika treni ile ya zamani kimezoeleka kuwa na vitanda 6, vitatu upande huu na vitatu upande ule. Na utaratibu uliozoeleka ni kwamba wanaume wana vyumba vyao na wanawake wana vyao, labda kama kundi moja limenunua chumba kizima. Kwa hiyo maharusi wangu, wangekuwa watu wa kweli, wangeulala usiku ule kila mmoja na ukuta wake. Bwana angekoromewa na wafanyabiashara wanaorudi Kigoma, bibi angesaidia kubembeleza watoto wa watu.

Kosa hili mtu anaweza kulisahihisha kwa kalamu nyekundu, akaongeza sentensi kwamba bwana harusi alinunua vitanda vyote 6, mambo yakaisha. Lakini mimi nimeona ni kosa la dhamira, si la taarifa tu. Nilikimbilia kitandani kabla ya kwenda dirishani kukata tiketi. Ningempeleka yule bwana dirishani, karani angemwuliza: wangapi, daraja gani, kulala au kukaa? Hapo hapo hadithi ingeanza. Ana pesa ya vitanda 6 au ya viwili? Kama ni ya viwili, atamwambiaje mkewe kwamba safari ya fungate watalala mbalimbali? Na pale pale kuna daraja la tatu, la kukaa: nauli ni ndogo, shingo itauma, lakini mtasinziliana bega kwa bega mpaka asubuhi. Yaani tiketi ya bei ya chini ndiyo isiyowatenga. Mwanamume atakayeona aibu kumpeleka mkewe fungate daraja la tatu, na mwanamke atakayelitaka hilo hilo, wote wawili wana haki. Mgogoro ukiwa hivyo, mwandishi hana haja ya kutafuta jambazi.

Tuje kwenye mswada wa pili. Ugonjwa wake ni kwamba mwandishi amesoma, na anataka tujue. Maharusi wanafika Kigoma, wanaiona meli ya Liemba, na bwana harusi anaanza darasa: kwamba iliundwa Ujerumani ikiitwa Graf von Götzen, ikaja kuunganishwa Kigoma, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Yote kweli, hata mwaka mmoja haujakosewa. Ila kurasa mbili zinapita na bibi harusi hana neno zaidi ya "Kumbe!" Jamani, huyo ni mke au mwanafunzi wa kidato cha pili?

Sisemi historia itupwe. Nasema iwekwe mahali inapoweza kumzuia mtu au kumsukuma. Chukua miaka ile ile, uirudishe nyuma, siku ya kupanga safari, mbele ya bibi mzaa mama. Mjukuu anasema watapanda Liemba. Bibi anauliza, meli iliyokaa chini ya maji miaka 8 ndiyo mnayoitaka? Au chukua treni yenyewe. Tarehe 24 Juni 2002, kule Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi kinyumenyume ikagonga treni ya mizigo, watu 281 wakafa. Wazee wengi wa kando ya reli hii wanaikumbuka siku ile. Mama mkwe mmoja akiitaja kwa sauti ya chini wakati watoto wanahesabu nauli, chumba kizima kitanyamaza. Hapo historia imefanya kazi ya fani na ya maudhui kwa mkupuo mmoja.

Na kuna jambo ambalo miswada mitatu ya kwanza imelipita kama halipo. Neno fungate lina siku saba ndani yake. Waulize Wazigua na Wasambaa, kwao mfungate ni saba. Katika desturi ya pwani, fungate ni siku saba za maharusi kukaa ndani, chakula kinaletwa, watu wanawahudumia. Sasa sisi tumelichukua neno la kukaa ndani tukalipakia kwenye treni, tukaona sawa. Lugha inaruhusu, maana maneno husafiri kama watu. Lakini ndani ya familia si lazima paruhusu. Yupo shangazi atakayesema maharusi hawatoki, yupo kijana atakayejibu kwamba fungate ya kisasa ni kusafiri. Ukimwandika kijana peke yake, umeandika tangazo la biashara.

Mswada wa tatu ndio ulionikera zaidi, na hapa naomba radhi kwa kusema kama mtu niliyekulia Itigi. Treni inaondoka Dodoma, kisha mwandishi anaandika kwamba ilikata pori na giza mpaka Tabora. Sentensi moja! Mkoa wa Singida umekwisha. Kwanza, kwa ratiba tulizozizoea, treni iliyotoka Dar jioni, ikishika saa yake, hupita Manyoni kesho yake mchana, jua linawaka. Pili, hilo pori ni lipi? Ukivuka Makutupora treni inapanda ukingo wa Bonde la Ufa, taratibu, unamsikia injini akihema. Unafika Saranda, chakula kinapitishwa dirishani, abiria na muuzaji wanagombea chenji huku behewa limeshaanza kutikisika. Halafu Manyoni, halafu Itigi na vichaka vyake vilivyosongamana hata mbuzi anatafuta njia.

Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ililiita eneo hilo Mgunda Mkali, kwa ukame na urefu wake. Mwandishi anayelipita kwa sentensi moja ajue kwamba wenzake wa zamani walitembea kwa miguu. Kitabu cha Safari za Wasuaheli, alichokichapisha Carl Velten mwaka 1901, kilikusanya habari za wasafiri Waswahili walioeleza waliyoyaona njiani, kabla Wajerumani hawajaanza kujenga reli hii Dar es Salaam 1905 na kuifikisha Kigoma 1914. Nathari yetu ilianza mapema kutazama njia. Sisi tuliopewa dirisha na kiti tunafumba macho.

Tena watu wa mjini wanapenda kuiita fungate mwezi wa asali. Wilaya ya Manyoni ni nchi ya asali, watu wanatundika mizinga. Maharusi wa mswada wa tatu wanapita katikati ya nyuki, hawanunui hata chupa moja.

Sasa mswada wa nne. Huu nimeusoma mara tatu. Maharusi wake wanakaa Singida mjini. Mume ni kibarua kwenye kinu cha kukamua alizeti, mke ni fundi cherehani. Hadithi nzima ni jioni moja, meza moja, daftari moja. Wanapanga: basi mpaka Manyoni, halafu treni usiku mmoja mpaka Kigoma. Pesa ni ile iliyobaki kwenye michango ya harusi baada ya kamati kulipa muziki na ukumbi, na hapo tu pana kasheshe, kwa sababu kuna mjumbe anaamini bakaa hiyo si ya maharusi. Mume ameshawatambia washikaji kazini kwamba atalala kitandani kwenye treni. Mke anahesabu, anafika chini ya ukurasa, anauliza, "Tukirudi Jumatatu, unga upo?" Mume kimya. Mke anakata neno kulala, anaandika kukaa. Basi, hatuioni treni kabisa, na mimi nilihisi nimesafiri.

Hata hivyo nao una kasoro, na nisipozisema nitakuwa nimempaka mwenzetu mafuta. Mama wa mume anaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari, sentensi ndefu zisizo na "mwanangu" hata moja. Mke akishalikata lile neno, mwandishi hatuambii mume alifanya nini na mikono yake, macho yake, kiburi chake. Badala yake anatuletea aya ya mwisho ya mahubiri juu ya kubana matumizi kwa vijana. Ndugu yangu, ifute. Ile kalamu iliyokata neno moja imeshahubiri.

Najua atatokea wa kubisha. Atasema msomaji anataka mapenzi, hataki hesabu za nauli. Namjibu kwamba vijana ninaowajua hawajawahi kuviona vitu hivyo viwili vikiishi nyumba tofauti. Mwingine atasema mambo ya vitanda yamepitwa na wakati, maana tangu 2024 treni ya umeme inawafikisha abiria Dodoma kutoka Dar kwa takriban saa 4. Kweli, unafika kabla karanga hazijaisha. Lakini hata hapo mtu amekata tiketi ya daraja fulani, kwa pesa ya fulani, na anayekwenda Singida akishuka Dodoma ana basi la kutafuta. Muda umepungua, maswali hayajapungua.

Kuhusu mswada wangu, zile aya tatu za mashuka nimezichana. Mimi na mchumba wangu tumekaa na daftari letu, tumebishana kulala au kukaa siku mbili mfululizo, na jana akaongeza jambo nisilolitegemea: anataka tushuke Manyoni kumsalimia bibi yake kwanza, tupande treni inayofuata. Nikamwambia hiyo si fungate, ni ziara. Akasema, "Kwani wewe ulidhani nyama ya harusi ile nani alichunga?" Sijapata jibu, ila nimeliandika hilo swali. Hadithi mpya inaanza kwenye foleni ya tiketi. Nitaileta kikao kijacho, na mwenye kalamu nyekundu aje nayo.