Baiti 24

Mchezo wa Kill the Bit, ulioandikwa na Dean McDaniel mwezi Mei 1975, una baiti 24. Sentensi uliyomaliza kuisoma ina herufi zaidi ya mara mbili ya hizo. Lakini ndani ya baiti hizo mna taa inayokimbia, mchezaji anayeiwinda, kanuni ya kushinda, adhabu ya kukosea na kipimo cha mwendo. Nimezipitia moja moja mara nyingi, na kila ninapozirudia heshima yangu kwa aliyeziandika inazidi.

Kwanza tuitazame mashine yenyewe. Altair 8800 ilitangazwa katika toleo la Januari 1975 la jarida la Popular Electronics. Ilitengenezwa na MITS, kampuni ndogo ya Albuquerque, New Mexico, iliyoongozwa na Ed Roberts. Wapenzi wa elektroniki wa Marekani waliagiza kwa posta, na wengi walichopokea ni vipuri, bodi tupu na vitabu vya maelekezo. Kuviunganisha kwa risasi ya kulehemu ilikuwa kazi ya mnunuzi mwenyewe, usiku baada ya usiku. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Intel 8080, yenye mapigo milioni 2 kwa sekunde. Kumbukumbu aliyoanza nayo mnunuzi ilikuwa baiti 256 tu. Kibodi haikuwepo. Skrini haikuwepo.

Palikuwa na uso wa chuma wenye swichi na taa ndogo nyekundu 36. Swichi 16 zimejipanga katika safu moja, na kila moja ina hali mbili tu: juu ni moja, chini ni sifuri. Mwendeshaji huzishusha zote, kisha hunyanyua ile iliyoandikwa EXAMINE, na mashine husimama kwenye anwani sifuri. Hapo hupanga swichi nane za kulia zifuate umbo la baiti ya kwanza, na kunyanyua DEPOSIT. Baiti imeingia. Hupanga upya, safari hii akisukuma DEPOSIT kuelekea chini, na mashine husogea anwani moja mbele na kupokea baiti ya pili. Huendelea hivyo mpaka mwisho. Kisha hurudi mwanzo na kupitia anwani zote, akilinganisha taa na karatasi yake, kwa kuwa swichi moja iliyosahaulika juu inatosha kuipoteza programu nzima. Umeme ukikatika, kila kitu kimefutika.

Watu husimulia utaratibu huo kwa kuuhurumia, kana kwamba wale walikuwa wakingoja kibodi iwakomboe. Mimi siuoni hivyo. Swichi zile zimepangwa tatutatu, na mpango huo ni msaada mkubwa, kwa sababu mafungu ya tatu husomeka kwa namba za msingi wa nane. Amri ya kupakia baiti kutoka kwenye anwani fulani ni 072. Amri ya kuruka ni 303. Aliyezoea hakuhesabu tena. Vidole vilijua 303 ina umbo gani, na jicho liliitambua kwenye taa kabla akili haijaitaja. Palikuwa pia na swichi ya kutembeza programu hatua moja kwa wakati, ili mtu aone anwani ikibadilika, baiti ikisomwa, prosesa ikigeukia inayofuata. Kama mchezaji wa bao anayejua kete yake ya mwisho italala wapi kabla hajaanza kutawanya, mwendeshaji mzuri wa Altair alijua taa zipi zitawaka kabla ya kugusa swichi. Wengi wetu leo tunaandika programu bila kuwahi kuwa karibu hivyo na mashine, na naona hilo ni pengo katika mafunzo yetu.

Sasa turudi kwa McDaniel. Tatizo lake la kwanza lilikuwa kwamba 8080 haina amri ya kuwasha taa. Taa za anwani zimeungwa kwenye nyaya ambazo prosesa huzitumia kuitaja sehemu ya kumbukumbu inayotaka kuisoma, kwa hiyo zinaonyesha kile tu kinachopita humo. Yeye akachukua rejista iitwayo D, akaweka ndani yake biti moja, kisha akaiamuru prosesa isome kumbukumbu kwenye anwani ambayo nusu yake ya juu ni hiyo D. Papo hapo taa moja kati ya taa nane za anwani za kushoto inawaka. Kilichosomwa hakitumiki popote. Kwenye mashine yenye baiti 256, anwani inayotajwa haina hata kumbukumbu nyuma yake; prosesa inauliza mahali patupu, na swali lenyewe ndiyo taa. Na kwa kuwa programu nzima inakaa katika anwani 24 za mwanzo, usomaji wa amri zake hauwashi hata moja ya taa hizo nane. Uwanja wa mchezo unabaki mweusi, na mwanga unaoonekana ni ule alioutaka.

Amri hiyo ya kusoma, 032, ameiandika mara nne mfululizo. Anayeona mara ya kwanza atadhani ni uzembe. Kumbe mara moja ingeacha mwanga hafifu, maana amri nyingine za mzunguko zinachukua sehemu kubwa ya muda; mara nne zinaifanya taa ionekane vizuri. Baada ya hapo programu inaongeza 14 kwenye hesabu inayoanzia sifuri, na inarudia mpaka hesabu ifurike kupita 65,535. Ni mizunguko kama 4,680, na kwa kasi ya 8080 inachukua takriban moja ya kumi ya sekunde. Angalia alivyookoa nafasi: kungoja na kuwasha ni kazi moja.

Hesabu ikifurika, mashine inasoma swichi nane za kushoto na kuzilinganisha na D kwa amri moja, 252. Amri hiyo inasema: panapofanana pawe sifuri, panapotofautiana pawe moja. Ukinyanyua swichi iliyo chini ya taa inayowaka, taa inazimika. Ukinyanyua iliyo chini ya taa iliyozima, inazaliwa taa nyingine, nawe sasa una mbili za kuwinda. Zawadi na adhabu zimo ndani ya baiti moja, bila swali lolote la kama mchezaji amepatia au amekosea. Kisha biti zinazungushwa hatua moja kulia, ya mwisho ikirudi mwanzo, na kazi inaanza upya. Sijui amri moja iliyobebeshwa kazi nyingi hivyo kwa wepesi namna ile.

McDaniel hakuwa peke yake katika kuitumia mashine kwa njia ambayo wabunifu wake hawakuikusudia. Mwaka huohuo, mbele ya wanachama wa Homebrew Computer Club huko California, Steve Dompier aliweka redio karibu na Altair yake, akaingiza programu kwa swichi, na mivumo ya umeme ya prosesa ikatoka redioni kama wimbo. Aligundua kwamba mizunguko ya urefu tofauti hutoa sauti tofauti, akaitafutia kila noti mzunguko wake. Baadaye zilikuja lugha ya BASIC ya Bill Gates na Paul Allen, kumbukumbu kubwa zaidi na mashine zenye kibodi, na swichi zikaondoka.

Vipo viigizi vya Altair vinavyofanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida, na vingine havilipiwi. Tafuta kimoja, andika baiti hizo 24 kwenye karatasi, uziingize kwa swichi, moja baada ya nyingine. Kisha nenda kwenye baiti ya saba, ile 016 inayobeba mwendo, uweke 034 mahali pake. Taa itakimbia mara mbili ya kasi ya kwanza, nawe utajua kwa nini.