Mtoto anyonye miezi sita, na kazi je?

Ndugu wasomi, leo nakosoa shauri moja tunalosikia sana ku vituo vya afya, Butembo hata Beni: «Mama, miezi sita mtoto anyonye tu.» Shauri ni zuri. Lakini linasemwa kama vile kila mama anashinda nyumbani.

Sheria ya Kazi ya 2002 inampa mama mapumziko ya majuma 14, na baada ya kuzaa hayawezi kupita 8. Miezi sita ni majuma 26. Majuma 18 yanayobaki, nani anayabeba? Sheria inaongeza nusu saa mara mbili kwa siku, ya kunyonyesha. Ukitoka katikati ya mji kwa pikipiki mpaka Katwa, kwenda na kurudi, imeisha njiani. Ndiyo maana uji unaanza mapema, halafu tunasema mama hajali.

Miezi sita ikifika, avoka, ndizi, soya na mayai viko ku soko. Kwa mama huyu wa kazi, naona kinachokosa zaidi ni wakati. Usiku mtoto bado anaamka. Asubuhi patron anaangalia saa tu.

Kesho sisi ndio tutakuwa mapatron. Tuunganishe zile nusu saa mbili, mama atoke kazini mbele ya wengine. Hiyo haingoji bunge.