Liti, Nyuki na Msimulizi Mmoja Jukwaani

Anayemsimulia Liti Kidanka peke yake jukwaani anakutana na kikwazo kabla hajafungua kinywa: watu wamekuja kwa ajili ya nyuki. Mkoani Singida wengi wamekua wakisikia kwamba mwanamke huyu wa Kinyaturu aliwafungulia Wajerumani nyuki, nao wakatimua mbio na bunduki zao. Uwanja wa mpira wa Singida, zamani Namfua, siku hizi unaitwa Liti. Jina lake limefika mbali kuliko habari zake. Ukiwaondoa nyuki, ukumbi unakususa. Ukiwaacha kama walivyo, umetamba hadithi na kuiita historia.

Ninaposimulia mjini Itigi, mkoani humohumo, nakataa yote mawili. Nyuki wanabaki, ila kila habari ninayoitoa naionyesha imetoka wapi, na kwa kazi hiyo msimulizi mmoja anazishinda tamthilia za watu wengi. Tamthilia ikimvika mwigizaji mmoja sare za Kijerumani na mwingine ikampa mzinga wa nyuki, mtazamaji huwaamini wote wawili kwa kiwango kimoja. Mwandishi wa tamthilia Ebrahim Hussein aliiona hatari hiyo alipoandika tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Aliweka wazi katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni wa sanaa, si yule wa historia. Lakini utangulizi unasomwa kitabuni tu. Aliyekaa ukumbini haupati. Miaka saba baadaye Hussein alitoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, kazi zilizojengwa juu ya msimulizi wa ngano, na mimi naona humo ndimo dawa ilimokuwa. Msimulizi anaweza kuingia katika kisa na kutoka mbele ya macho ya watu, na wote wakajua ametoka.

Jukwaa langu lina sehemu tatu. Kushoto kipo kigoda. Nikikikalia, ni mapokeo ya wazee yanayosema, nayo naanza kwa “Paukwa”, ukumbi uitike “Pakawa”. Katikati ni patupu, nasimama wima, mikono imetulia, na hapo hatuitikiani. Husemwa yaliyoandikwa tu, au yanayojulikana kwa njia nyingine ya uhakika. Kulia nimelaza mzinga wa gogo usio na nyuki. Nikiugusa, tunajaribu: je, jambo hili lingewezekana? Sielezi utaratibu huu mwanzoni. Baada ya mizunguko miwili mitatu ukumbi umeshauelewa, na nikiinuka kigodani kuelekea katikati watu wananyamaza kabla sijafika.

Pale katikati maneno ni machache kuliko watu wanavyotarajia. Wajerumani walitoza kodi ya nyumba katika koloni lao kuanzia miaka ya mwisho ya 1890. Katika eneo hili kituo chao cha kijeshi kilikuwa Kilimatinde, si mbali na Manyoni. Wanyaturu waliwapinga, na katika upinzani huo mwanamke mwenye mamlaka ya kiganga na unabii alikuwa na nafasi kubwa. Mtafiti Marguerite Jellicoe aliandika kuhusu upinzani huo katika jarida la Tanzania Notes and Records mwaka 1969, takriban miaka sitini baada ya matukio yenyewe. Umbali huo nautaja kwa sauti ileile ninayotajia kodi, maana nao ni sehemu ya ushahidi. Kwa dola ya Kijerumani, mwanamke wa namna hiyo alikuwa mwasi wa kusakwa. Kwa watu wake alikuwa kiongozi.

Kigodani mambo yanakolea. Nyuki wanamtii Liti. Anawatuma kwa maneno, wanamfuata adui na kumwacha ndugu. Nasimulia yote bila kukonyeza jicho na bila kicheko, maana mzee aliyenipa kisa hiki hakukitoa kwa mzaha, na anayekisikiliza ana haki ya kukipata kizima.

Halafu naenda kwenye mzinga, na Itigi hudanganyi mtu penye mzinga. Vichaka vya hapa, vilivyofumana hata mtu hapenyi, ni nchi ya asali, na mbele yangu wamekaa warina asali. Wanajua kwamba nyuki akishauma anaacha mwiba na kufa. Wanajua kwamba mwiba huo unatoa harufu inayofanana na ndizi mbivu, na harufu hiyo ndiyo inayowaita wenzake wote pahali palepale. Wanajua moshi unaifunika harufu hiyo, na kwamba gizani nyuki haruki, anatambaa. Kwa hiyo tunaulizana. Kama mizinga ilivunjwa mchana wa jua, askari wakiwa wamebanana njiani, je, wangekimbia? Wangekimbia, tena wangekimbizwa mita mamia. Je, nyuki wangemchagua Mjerumani na kumwacha Mnyaturu? La. Hapo mapokeo yanasimamia mguu mmoja. Lakini mtu anayejua kulikoanzia upepo, aliyejipaka moshi na kuwaondoa watu wake mapema, hahitaji nyuki watii. Anahitaji kuujua muda na mahali. Sisemi ndivyo Liti alivyofanya. Nasema mlango huo hauwezi kufungwa kwa kicheko, na mkono wangu unabaki juu ya gogo wakati nasema hivyo.

Nikiwa bado hapo kwenye mzinga nawapeleka Tanga, Novemba 1914. Waingereza na wanajeshi wao kutoka India walikuwa wakishambulia mji uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Risasi zikaichokoza mizinga iliyokuwa mitini, nyuki wakawavamia wapiganaji, wa upande huu na wa upande ule. Hakuna aliyewatuma. Hata hivyo Waingereza, walioshindwa, walieneza habari kwamba Wajerumani walitega nyuki kwa nyaya. Miongoni mwa walioieneza walikuwamo watu waliozoea kuandika. Hii ndiyo sehemu ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu inavunja dhana kwamba uzushi ni ugonjwa wa wasioandika. Mwingereza aliyeumwa Tanga na mzee wa Kinyaturu wamelijibu swali moja kwa namna moja: walipoona nyuki vitani, walimtafuta aliyewatuma.

Wapo pia wanaomweka Liti kwenye treni; hilo la reli nalimaliza kwa sentensi moja. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na mapokeo ya Singida humaliza maisha ya Liti miaka kadhaa kabla ya hapo, hivyo anayempandisha treni Itigi amechanganya nyakati.

Kifo chake ndicho kigumu zaidi kukisimulia. Wazee husema Wajerumani walimkata kichwa wakakipeleka kwao. Hilo linakaa kigodani, na sithubutu kulivusha mpaka katikati, lakini pia silitupi, kwa sababu linachunguzika. Fuvu lililotambuliwa kuwa la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Makumbusho ya Berlin yamechunguza zaidi ya mafuvu 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki, takriban 200 yakihusishwa na Tanzania, na mwaka 2023 vinasaba viliyaunganisha baadhi ya hayo na familia za Kilimanjaro zilizo hai leo. Dai la Liti linaweza kupimwa vivyo hivyo, kama kutakuwa na ukoo wa kutoa vinasaba na mtu wa kuuliza.

Uamuzi wangu unaolalamikiwa zaidi ni huu: katika onyesho zima Liti hasemi neno. Simwigizi kwa “mimi”. Wanaopenda jukwaa lenye moto wananiambia nimempokonya sauti. Nasimamia uamuzi huo. Hatuna hata sentensi moja tunayoweza kuapa kuwa ni yake, na nikimtungia hotuba, kesho itakuwa kwenye daftari la mwanafunzi kama maneno ya Liti. Kwa Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyeongoza upinzani wa Wagiriama dhidi ya Waingereza, ningekuwa na nafasi zaidi pale katikati: alikamatwa Oktoba 1913, akahamishiwa Kisii, akatoroka na kurudi kwao mwaka uliofuata, na maofisa wa Kiingereza waliacha barua zinazomlalamikia. Kuku na vifaranga vyake anavyosimuliwa navyo ningeviweka kigodani. Liti hakuachiwa karatasi nyingi kiasi hicho, na jukwaa lisijifanye anazo.

Yaliyobaki yamo vichwani mwa watu, nao wanapungua kila mwaka. Wewe mwenye bibi au babu Ikungi, Manyoni au Singida anayekijua kisa cha Liti, mrekodi kwa simu wiki hii. Andika jina lake, kijiji chake, alisikia kutoka kwa nani na akiwa na umri gani. Usimsahihishe anaposimulia. Peleka nakala moja shuleni na nyingine ofisi ya utamaduni ya wilaya.