Mbao Zinavunjika, Mlio Hausikiki: Kwaidan Ikitazamwa Tukuyu

Samurai anarudi usiku kwa mke aliyemtelekeza miaka mingi iliyopita. Nyumba imechakaa, majani yameota hadi mlangoni, lakini ndani taa inawaka na mwanamke yuko palepale akifuma nguo, hajazeeka hata kidogo. Wanaongea, wanasameheana, wanalala. Kunapambazuka, mwanamume anageuka kumtazama mkewe, na chini ya zile nywele nyeusi ndefu anakuta fuvu. Anakurupuka, sakafu iliyooza inavunjika chini ya miguu yake, na hapo mwongozaji Masaki Kobayashi anafanya jambo ambalo hata leo ni wachache wanaothubutu kulifanya: anaondoa sauti ya chumba. Mbao zinavunjika kimya. Mlio wa mti kupasuka unakuja kivyake, kwa wakati wake, picha ikiwa imeshahamia kwingine.

Hicho ndicho kisa cha kwanza kati ya vinne vya Kwaidan, filamu ya Kijapani iliyotoka mwishoni mwa 1964 na kutunukiwa Tuzo Maalumu ya Majaji huko Cannes mwaka 1965. Visa vyake vilitoka katika vitabu vya Lafcadio Hearn, mzaliwa wa Ugiriki aliyehamia Japani na kuandika upya masimulizi ya wenyeji hadi alipofariki mwaka 1904. Toleo kamili ni la dakika 183. Nimeirudia Tukuyu msimu huu wa mvua, na naiona bado inatisha kuliko filamu nyingi zilizotengenezwa juzi kwa kompyuta.

Siri kubwa iko kwa Toru Takemitsu, mtunzi wa sauti. Nasema sauti kwa sababu sehemu kubwa ya alichokifanya huwezi kuiita muziki. Alichukua milio ya mti unaopasuliwa, mawe na ala za kienyeji, akairekodi kwenye utepe, kisha akaichezea mpaka asili yake ikapotea. Kazi ngumu zaidi ilikuwa kuamua mahali pa kuiweka. Sikio limezoea kuthibitisha kile jicho linachokiona: mguu ukigusa sakafu, tunausikia. Takemitsu anavunja mapatano hayo. Katika kisa cha pili, cha mwanamke wa theluji, dhoruba inavuma lakini unachosikia ni filimbi ya mianzi iliyogeuzwa kuwa kitu kisicho na jina. Mtazamaji hajui kimepungua nini. Anajua tu kwamba mahali hapa si pa watu walio hai.

Sisi wa Rungwe, wilaya ulipo mji huu wa Tukuyu, tungepaswa kuielewa kazi hii haraka. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na chini ya paa la bati mvua ikikolea watu wawili waliokaa kitanda kimoja hawasikilizani. Kila mtoto wa hapa anaijua ile hali mvua inapokatika ghafla, na nyumba nzima inageuka kusikiliza.

Upande wa picha, Kobayashi alijenga mandhari zake ndani ya banda kubwa la ndege lililokuwa halitumiki tena, anga likachorwa kwa mkono. Katika kisa cha theluji, anga hilo lina macho makubwa yanayomtazama mkata kuni. Hakuna anayejaribu kukudanganya kwamba ni anga la kweli, na ndiyo maana halijazeeka. Ujanja wa kuiga uhalisia huchakaa teknolojia ya kuiga inaposonga mbele. Rangi iliyowekwa wazi kama rangi haina cha kushindana nayo. Tazama pia mwanga. Mke wa mkata kuni anashona, mumewe anamsimulia siri aliyoapa kutoisema, na rangi ya joto ya chumba inageuka kuwa ya buluu ya baridi bila mtu yeyote kugusa taa. Uso wa mwigizaji Keiko Kishi haujapakwa kitu kipya chochote. Amebadilishiwa mwanga tu. Inauma kwamba filamu ilipopelekwa Marekani kisa hiki kiliondolewa ili kufupisha muda.

Kisa cha tatu, cha Hoichi mwimbaji kipofu, ndicho kirefu na ndicho kinachotajwa zaidi. Mapigano ya baharini ya mwaka 1185 yanayokifungua yamenichosha. Ni mazuri kama mchoro, lakini yanakaa kupita kiasi. Mwili wa Hoichi ulioandikwa maandiko matakatifu kila mahali isipokuwa masikio, huo sijaona mfano wake. Ni wino na brashi, basi, na mzimu unaokuja kumchukua unaona masikio mawili tu yakielea. Kisa cha nne, cha uso ndani ya kikombe cha chai, ni chepesi, na vizuka vyake vya kutoweka na kutokea ndiyo sehemu pekee iliyozeeka waziwazi.

Huku kwetu, mwongozaji Mussa Banzi alipotoa Nsyuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, filamu ya kutisha ya Dar es Salaam ilichukua jina lake kwa Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe. Lilikuwa jambo kubwa, nami nalithamini. Lakini filamu nyingi za kutisha zilizofuata katika soko letu la video ziliwekeza kwenye uso uliopakwa rangi na mtu kutoweka kwa kukatwa picha, huku kinanda kikilia mfululizo ili mtazamaji asisahau kuogopa. Hakukuwa na sekunde moja ya kimya. Tena wengi wetu tulijifunza filamu za nje katika mabanda ya video kupitia kanda zilizosimuliwa juu yake kwa Kiswahili, kama zile za msimulizi Lufufu. Ni sanaa halali, na Japani nayo ilikuwa na wasimulizi wake enzi za filamu bubu. Kwaidan tu ndiyo isiyoweza kusimuliwa hivyo, maana msimulizi angejaza mahali pale pale Takemitsu alipoacha wazi.

Rungwe ina visa vya kutosha kwa filamu ya aina hii. Kuna abasyuka, wafu wa ukoo, ambao Godfrey na Monica Wilson waliandika habari zao walipokaa hapa kati ya 1934 na 1938. Kuna kisitu cha Lwembe huko Lubaga, na kuna Ziwa Ngosi lenye masimulizi yake. Kijana atakayeanza asianze na kinyago cha mzimu. Aanze kwa kurekodi mvua mara tatu: chini ya bati, ndani ya migomba, na juu ya maji ya ziwa, kila moja kivyake. Kisha apige picha ya marehemu akiingia nyumbani kwake usiku wa mvua kubwa, na kwenye uhariri aiondoe mvua huku dirishani ikionekana bado inanyesha. Simu ya kawaida inaweza kuchukua picha hiyo. Sauti inahitaji maiki nzuri, hata ya kuazima, na mhariri atakayekubali kuziacha sekunde kumi bila kinanda.