Nani yuko kushoto kwa Faiza?

Kuna aina ya swali ambayo kijana anayetafuta kazi ya benki hapa Nairobi atakutana nayo mapema au baadaye. Watu sita au wanane wameketi mahali. Unapewa vidokezo vinne au vitano kuhusu nani yuko wapi, kisha unaulizwa nani amepakana na nani. Hakuna hesabu ya kutisha humo, wala hakuna la kukariri. Ni mantiki tupu, na muda wa kuitumia ni mfupi.

Kenya haina mtihani mmoja wa kitaifa wa kuingilia kazi ya benki. Kila benki ina mchujo wake. Makao makuu ya maswali haya ni India, ambako mamia ya maelfu ya wahitimu hushindania nafasi za benki za umma na mpangilio wa viti ni sehemu ya kawaida ya karatasi ya mantiki. Kutoka huko maswali husafiri. Yanafika kwetu kwa Kiingereza, yanatolewa nakala katika vibanda vya mjini, na siku hizi yameanza kutokea kwa Kiswahili.

Mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi Kawangware aliniletea bunda moja la hayo ya Kiswahili. Halina jina la mtunzi wala la mchapishaji. “Mwalimu, hebu yaangalie,” akaniambia, “kwa sababu yale ya Kiingereza nayapata, lakini haya ya lugha yetu yananishinda.” Kauli hiyo ilinichoma. Ni msichana mwenye Kiswahili kizuri. Nikaketi na bunda hilo jioni mbili, na hili hapa ni swali la kwanza, neno kwa neno:

“Sita marafiki Achieng, Barasa, Chebet, Dama, Ekai na Faiza wanakaa kuzunguka meza ya duara inayokabili katikati. Achieng anakaa kinyume cha Dama. Barasa anakaa mara moja karibu na Achieng kwenye mkono wake wa kushoto. Chebet hajakaa karibu na Dama. Ekai anakaa mara moja karibu na Barasa. Nani anakaa mara moja kushoto ya Faiza?”

Aliyetafsiri alibadilisha majina ya watu tu. Sarufi aliiacha ilivyokuwa. “Sita marafiki” ni mpangilio wa Kiingereza. Sisi husema marafiki sita. “Kinyume cha Dama” kinatuambia kwamba Achieng ana tabia zisizofanana na za Dama, labda mmoja mpole na mwingine mkali, bali hakituambii kwamba wametazamana. “Mara moja” ni suala la wakati, au la idadi. Mtu aliyekaa mara moja kando ya mwenzake alikaa akainuka, au alikaa upesi alipoambiwa. Na “anakaa” kwa masikio ya Nairobi ni anaishi: Barasa anakaa Kangemi, Faiza anakaa Uthiru. Mtu aliyekwisha kutua kitini ameketi. Hali hiyo ndiyo kazi ya kiambishi -me-, na ni ajabu kwamba karatasi nzima haina “ameketi” hata moja.

Hayo ni makosa ya kuudhi, lakini bado mtu anaweza kukisia. Yapo mawili ambayo hayakisiki.

La kwanza ni “meza ya duara inayokabili katikati”. Katika sentensi ya Kiingereza, maneno yanayomaanisha “wakielekea katikati” huning’inia tu mwishoni mwa sentensi, na msomaji ndiye anayeamua yanawahusu watu au meza. Kiswahili hakina anasa hiyo. Upatanisho wa ngeli unakulazimisha uchague. Ukisema “inayokabili” umeitaja meza, na meza ya duara haina uso wa kukabili chochote. Ukisema “wakiwa wameelekea katikati” umewataja watu, na swali linafunguka, kwa kuwa sasa tunajua mkono wa kushoto wa kila mmoja uko wapi. Anayeielekea meza, kushoto kwake ni upande wa mwendo wa mishale ya saa ukiitazama meza kutoka juu. Aliyeipa meza mgongo, ni kinyume chake. (Hapo ndipo “kinyume” kinapofaa.) Kwa hiyo sarufi yetu ilikuwa tayari imebeba kidokezo kizima, na mtafsiri akakimwaga.

La pili ni neno dogo “wake”, nalo nitalikawilia kidogo.

“Barasa anakaa mara moja karibu na Achieng kwenye mkono wake wa kushoto.” Mkono wa nani? Wa Achieng, au wa Barasa? Kiingereza cha swali la namna hii kwa kawaida hakina utata huo, kwa sababu husema moja kwa moja kushoto kwa nani. Sisi tuna kimilikishi kimoja, -ake, kisichobagua jinsia wala mtajwa. Katika hadithi hilo si tatizo, maana muktadha husaidia. Katika fumbo hakuna muktadha, na kila neno ni ushahidi.

Hebu tulitatue kwa njia zote mbili. Chora duara, lipe nafasi sita kwa kufuata mwendo wa saa, umweke Achieng katika nafasi ya 1. Dama ametazamana naye, basi yuko nafasi ya 4. Tukiuchukua mkono kuwa wa Achieng, Barasa yuko nafasi ya 2. Chebet hapakani na Dama, kwa hiyo nafasi za 3 na 5 zimefungwa kwake. Anabakiwa na ya 6. Ekai amepakana na Barasa, hivyo yuko nafasi ya 3. Faiza anapata iliyosalia, ya 5. Kushoto kwake, nafasi ya 6, ni Chebet.

Sasa tuuchukue mkono kuwa wa Barasa. Achieng ndiye yuko kushoto kwa Barasa, kwa hiyo Barasa yuko nafasi ya 6. Chebet anakimbia ya 3 na ya 5, anaketi ya 2. Ekai amepakana na Barasa katika nafasi ya 5, na Faiza anapata ya 3. Kushoto kwake ni nafasi ya 4, na aliye hapo ni Dama.

Vidokezo ni vilevile, msomaji ni yuleyule, ila majibu ni mawili. Ukurasa wa mwisho wa bunda unasema jibu ni Chebet, nadhani kwa sababu ndivyo ufunguo wa Kiingereza ulivyosema. Aliyesoma Kiswahili kwa makini akapata Dama anawekewa alama ya kukosea. Tena si mwanafunzi mvivu huyo. Ameifuata sarufi mahali ambapo mtafsiri hakuifuata. Ndiyo maana sikushangaa tena kwa nini yule binti alisema ya Kiingereza anayapata.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu kadhaa wanaosema tufurahie kila karatasi ya Kiswahili inayotoka, ati hata kama ina kasoro ni mwanzo. Katika riwaya, tafsiri mbovu inachosha. Katika fumbo la mantiki inazaa jibu lisilo sahihi, na inamthibitishia kijana uvumi aliousikia tangu shule ya msingi: kwamba Kiswahili ni cha mashairi na mahubiri, na mambo ya kufikiri yanataka Kiingereza. Neno “mantiki” lenyewe tulilipata kwa Kiarabu, kutoka mzizi unaohusu kunena. Waliolianzisha hawakuona ufa kati ya kusema sawasawa na kufikiri sawasawa.

Tena fumbo la kupanga watu na vitu si geni kwetu. Nani hajaulizwa utotoni jinsi ya kuvusha chui, mbuzi na majani kwa mtumbwi mdogo bila mmoja kumla mwenzake? Lile husimuliwa kwa Kiswahili tangu zamani na halijawahi kumkanganya mtoto kwa sababu ya lugha.

Turudi kwenye viti. Kiswahili kina zana ambazo mtunzi wa bunda hili hakuzigusa. Ya kwanza ni kauli ya kutendana. “Achieng na Dama wametazamana” ni taarifa inayokwenda pande zote mbili kwa nguvu ya -ana peke yake. Huhitaji kuongeza kwamba Dama naye anamtazama Achieng. “Wamepakana” vilevile: tunalisema kwa mashamba na kwa nchi, na linawafaa watu walioketi bega kwa bega kuliko “karibu na”, ambalo halisemi kama pana mtu katikati au hapana. “Wamepeana migongo” linatosha kwa safu mbili zilizogeukiana upande usio wa uso. Nitoe angalizo moja: “wamekabiliana” liachwe kwa mdahalo na ngumi.

Ukitaka uhusiano wa upande mmoja, tumia kauli isiyo ya kutendana: Ekai amemfuata Barasa. Msomaji anajua papo hapo kwamba huwezi kuigeuza. Mtatuzi hodari huanza kwa kutenga vidokezo vinavyogeuzika na visivyogeuzika, na vitenzi vyetu vimekwisha kumfanyia kazi hiyo.

Kisha kuna ukanushi. “Chebet hajakaa karibu na Dama” lina harufu ya bado: huenda akakaa baadaye, akimaliza chai. Kidokezo kinataka “hapakani”, ambalo linafunga mlango.

Na kuna po, ko na mo, hazina ambayo sisi wa Nairobi tumeitupa. Kwetu kila kitu ni “iko” na kila mtu ni “yuko”. Mimi mwenyewe nimelitumia katika kichwa cha makala haya na sitajitetea sana. Lakini sarufi inatofautisha mahali alipo mtu, panapojulikana hasa, na mahali aliko, panapojulikana kwa upande tu. Kwa fumbo, tofauti hiyo ni dhahabu. “Faiza yupo kiti cha tano” ni kidokezo kamili. “Faiza yuko upande wa mlangoni” ni kidokezo nusu, kinachobana bila kutaja. Mtunzi akizingatia hilo, msomaji atajua kwa silabi moja tu kama aandike jina kwa wino au kwa penseli.

Jambo hili lina uzito nje ya darasa pia. Katiba ya 2010, ibara ya 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hata hivyo sijaona mchujo wa benki unaompa mwombaji fursa ya kuchagua. Huko India, Septemba 2021, wizara ya fedha ilitangaza kwamba mitihani ya kuajiri makarani katika benki 12 za umma ingefanywa kwa lugha 13 za majimbo, mbali na Kiingereza na Kihindi. Hoja ni nyepesi: karani atakayemhudumia mteja wa kijijini apimwe kwa lugha ya mteja huyo. Karani wa tawi la Kangemi hutwa anazungumza Kiswahili dirishani. Lakini siku benki zetu zitakapoulizwa kwa nini hazifanyi vivyo hivyo, zitaomba kuonyeshwa maswali. Nani atawapelekea bunda hili?

Niseme haki, halikosi chema. Maswali ya safu yaliyomo yanatuambia kila mara kwamba watu “wanakabili kaskazini”, mkazi wa magharibi ya jiji asipate picha yoyote, kwa kuwa yeye hushuka tao asubuhi na kupanda nyumbani jioni, na dira yake ni Waiyaki Way. Ila karibu na mwisho kuna swali moja ambalo nashuku halikutafsiriwa kutoka popote. Linasema: “Matatu ya 46 imetoka Kawangware. Mbele wameketi watatu: dereva, Wambui na Otieno. Wambui hapakani na dereva. Nani yuko kushoto kwa Otieno?”

Angalia lilivyo jepesi. “Wameketi” lipo. “Hapakani” lipo. Hakuna aliyesema wote wameelekea wapi, kwa sababu ndani ya matatu wanaoketi mbele wameelekea barabara. Hakuna aliyesema dereva yuko upande gani, kwa sababu kila aliyewahi kupanda gari hapa nchini anajua usukani uko kulia, na kulia kwa dereva hakuna kiti, kuna mlango. Otieno basi yuko katikati na Wambui dirishani. Mpe swali hilo Mmarekani, naye atakujibu kwa mantiki isiyo na doa kwamba aliye kushoto kwa Otieno ni dereva.

Ufunguo wa bunda unasema Wambui. Nami nimepata Wambui.